Shule imebandua ubao, imetuuzia vishikwambi, sasa mtoto wa darasa la nne hawezi kuandika imla

Wakuu salaam.

Nina hasira na sitaificha. Jumapili jioni nilimkalisha kijana wangu mezani, nikampa daftari na penseli, nikaanza kumsomea sentensi tano za imla. Wala si ngumu. Ya kwanza ilikuwa "Mjomba alinunua ng'ombe wawili mnadani." Alianza vizuri, alipofika kwenye ng'ombe akasimama. Akaandika "ngombe", akafuta. Akaandika "ngo'mbe", akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Halafu akaniangalia usoni na kuniuliza: "Baba, nikikosea hapa hakuji mstari mwekundu?"

Nilikosa la kumjibu. Tulipofika sentensi ya tatu akaweka penseli chini, akawa anakunja na kukunjua vidole, anasema mkono unauma. Sentensi ya tatu! Mtoto yuko darasa la nne, ana afya tele, jioni anacheza mpira mpaka aitwe mara nne ndipo aingie ndani. Mkono unauma kwa sababu haujazoea kuandika.

Mwisho wa mwaka huyu anakaa kwenye upimaji wa taifa, na upimaji ule ni karatasi na penseli. Dada yake alipoufanya, Kiswahili kilikuwa na imla: msimamizi anasoma, mtoto anaandika. Huyo dada alisoma shule ya serikali, darasa moja watoto zaidi ya 100, dawati moja wanakaa watatu. Mwandiko wake ukiuona unatulia. Huyu mdogo nilijinyima nikampeleka shule ya kulipia ya mchepuo wa Kiingereza, nikijua nampa kilicho bora zaidi.

Kabla hamjaniambia nimepitwa na wakati: mimi ni fundi simu na kompyuta Kariakoo, huu ni mwaka wa 14. Vifaa hivi ndivyo vinavyolipa ada yenyewe. Nasema ninachokijua.

Mwezi wa kwanza tulipewa waraka kwamba kila mwanafunzi kuanzia darasa la tatu awe na kishikwambi, na kinunuliwe shuleni tu, shilingi 420,000. Kile kile, kampuni ile ile, kumbukumbu ile ile, nyuma ya duka langu kinauzwa 240,000. Niliuliza kama naweza kuleta changu, nikaambiwa hapana, "mfumo hautakitambua". Mimi nimekifungua. Hakina mfumo wowote wa ajabu, kimewekewa programu moja ya shule ambayo inaingia kwenye kifaa chochote. Nililipa, kwa sababu mtoto asiye nacho alikuwa anawekwa nyuma ya darasa achungulie cha mwenzake.

Baada ya ile imla niliingia kwenye mipangilio, pale panapoonyesha muda wa matumizi. Naomba mzazi yeyote mwenye mtoto wa aina hii afanye hivyo usiku wa leo. Wiki nzima, programu ya shule ilitumika saa 1 na dakika 10. Video saa 9. Gemu la magari saa 6 na ushee. Nikasema labda ni nyumbani, tumemlegezea. Nikafungua siku moja moja. Jumatano, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, yuko darasani, sare kavaa, ada nimelipa, gemu limechezwa saa 1 na dakika 40.

Wala simlaumu. Mtoto wa miaka tisa umempa uwanja wa michezo mkononi halafu unamwambia asicheze. Hata sisi watu wazima tunashindwa, tunakaa kwenye kikao huku kidole kinasukuma picha chini ya meza.

Sasa sikilizeni nilichokiona kwa macho yangu. Wiki mbili nyuma nilipigiwa simu kwamba kishikwambi cha mtoto kimeisha chaji na "hawezi kuendelea na masomo", nilete chaja. Nikafunga duka, nikapanda daladala mpaka shuleni. Nikasimama mlangoni. Kipindi cha Hisabati, sehemu. Mwalimu, binti mdogo mwenye adabu zake, anahangaika na waya wa projekta. Anachomoa, anachomeka. Picha ikaja, lakini madirisha hayana pazia na jua linapiga ukutani, huoni kama pale pameandikwa robo au nusu. Watoto wa mbele wanakunja macho. Wa nyuma wameshainamisha vichwa, na mtoto anayesoma huwa hatabasamu namna ile. Niliangalia saa: dakika 17 zilikuwa zimekwenda, na kipindi ni dakika 40. Mara umeme ukakatika. Mwalimu akasema, "Basi, mtaisoma nyumbani kwenye programu." Somo likaishia hapo.

Nyuma yake ukutani kuna mstatili wa rangi tofauti, na matundu manne ya skrubu. Ndipo ulipokuwa ubao. Wameubandua.

Alinisindikiza hadi nje. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzazi, mimi sehemu nafundisha kwa chungwa na kisu. Nakata nusu, nakata robo, watoto wanaelewa na wanakula. Hapa nikionekana na chaki naitwa ofisini." Ndiyo maana sitaji shule, na naomba anayehisi anaijua naye asiitaje. Yule binti ana kibarua cha kulinda.

Nikapanda kwa mwalimu wa taaluma. Akaniambia, "Mzazi, dunia ndiko inakoelekea. Ulaya watoto hawashiki vitabu tena." Hili ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu amesema uongo mbele ya mtu anayesoma. Sweden walitutangulia mbali kwenye haya mambo, mpaka chekechea waliingiza vifaa vya kidijitali kwenye mtaala. Mwaka 2023 serikali yao ikageuza gari: ikatenga kroni milioni 685 kununua vitabu vya shule, ikasema watoto warudi kwenye kitabu na kuandika kwa mkono. Watafiti wa Karolinska, chuo chao kikubwa cha tiba, walitamka wazi kwamba vifaa hivi vinadhoofisha kujifunza badala ya kukusaidia. Mwaka huo huo UNESCO wakatoa ripoti nzima juu ya teknolojia shuleni, na humo wamesema mwanafunzi akishavurugwa mawazo, inaweza kumchukua hadi dakika 20 kurudi kwenye somo. Kipindi chetu ni dakika 40, wakuu. Akichungulia gemu mara mbili, kipindi kimekwisha.

Na kama mtu ataniambia Sweden ni matajiri wanaweza kubadili wanavyotaka, basi aangalie Peru. Wale walianza 2008, wakagawa kompyuta ndogo zaidi ya laki nane, hadi shule za vijijini. Walipokuja kupimwa, hesabu na kusoma havikupanda. Kompyuta zilikuwepo, ufundishaji ukabaki ule ule.

Sisemi kifaa kisikanyage shule. Baada ya sensa ya Agosti 2022 Serikali iligawa vile vishikwambi kwa walimu, na hilo sina ugomvi nalo kabisa. Mwalimu akitafuta picha ya moyo unavyosukuma damu, akiandaa maswali, akiwaonyesha watoto volkano ambayo hawataiona maishani, hapo kifaa kiko mkononi mwa mtu mzima anayejua anakitakia nini. Hata kijana wangu nataka ajue kompyuta, na nitamfundisha mwenyewe kufungua moja na kuifunga. Lakini kuna kipindi cha TEHAMA. Vitolewe kabatini kipindi hicho, kikiisha virudi kabatini. Hisabati apewe daftari la miraba, aandike, akosee, afute, mwalimu apitishe kalamu nyekundu. Siku hizi daftari la kijana wangu nikilifunua halina alama ya mwalimu hata moja tangu mwezi wa pili. Kazi "inasahihishwa" na programu, inampa nyota tatu, basi. Nyota tatu za nini? Amekosea wapi? Hajui, na mimi nikifungua sioni.

Tumeongea wazazi sita kwenye kundi letu. Wawili wanaogopa watoto wao wataonewa. Wengine wanaona aibu kusema, kwa sababu walishawatangazia majirani kwamba mtoto anasoma shule ya kisasa.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo. Naenda na lile daftari lenye karatasi iliyotoboka, naenda na picha za ule muda wa matumizi, na nitasimama nidai ubao urudishwe ukutani kabla ya mhula ujao.

Ninachoomba kwenu ni msaada wa kweli. Kama kuna mzazi humu ambaye shule yake iliwahi kurudi nyuma kwenye jambo kama hili, mlianzia wapi: kamati ya shule, au mlienda moja kwa moja kwa afisa elimu? Na walio kwenye sekta ya elimu wanijibu: shule binafsi ina haki ya kumlazimisha mzazi anunue kifaa kwake tu, kwa bei yake, na kumweka mtoto nyuma ya darasa asipokuwa nacho?