Binti anataka kusomea jeni za saratani, si udaktari. Kuna maisha huko?

Baba Atu (Tukuyu)
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, PCB, na kafaulu vizuri. Nilishajiandaa kusikia udaktari, yeye anasema baiolojia ya molekuli, aje achunguze saratani kwenye jeni. Bibi yake tulimzika kwa saratani ya mlango wa kizazi, tukiwa tumeshauza ng'ombe wawili kwa safari za hospitali ya saratani ya Ocean Road, kwa hiyo najua wazo limetoka wapi. Ila mimi ni mkulima wa chai na parachichi. Mtu wa kazi hiyo akiamka asubuhi anaenda wapi, na mwisho wa mwezi anapata nini? Msinipambe.

Kijana wa Mwanjelwa
Mzee, udaktari tu. Huko kwingine ataishia kufundisha twisheni Uyole.

Mbena wa Maabara
Shikamoo Baba Atu. Wengine kamwene.

Mimi ni wa Njombe, kazi hiyo naifanya hapa Mbeya mwaka wa kumi na moja sasa. Mama yangu anawaambia majirani kwamba mimi ni daktari, halafu mgongo ukimuuma ananipigia simu na sina cha kumwandikia.

Asubuhi, kabla ya chai, naangalia namba kwenye mlango wa friza. Ikisoma -80 nashukuru Mungu. Kituo nilichokuwa zamani umeme ulikatika Ijumaa usiku, jenereta ikagoma, mlinzi hana namba ya mtu. Jumatatu tukakuta sampuli za miezi kumi na minne zimeyeyuka. Kila kichupa ni mama aliyekubali kukatwa kipande kidogo cha nyama huku anaumwa. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaandika barua ya maelezo.

Sampuli yenyewe haisubiri. Kwa ajili ya hadubini hospitali huitia kwenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, lakini formalini inaharibu RNA, yaani ujumbe unaonakiliwa kutoka kwenye jeni, kwa hiyo ukipigiwa simu unaacha ugali mezani unakimbia na kiboksi cha barafu. Ukishatoa DNA unaiweka kwenye mashine ya PCR, inazalisha nakala hadi zinatosha kuonekana, ndipo ujue kama virusi vya HPV vimo na ni aina gani. Aina ya 16 na 18 pekee zinasababisha kama saratani 7 katika kila 10 za mlango wa kizazi. Virusi hivyo vina protini, E6, inayoimaliza p53. Hiyo p53 ndiyo mgambo wa seli: seli ikiharibika, inaiamuru isimame au ife. (Tembo, hata hawa wa Ruaha, wana nakala 20 za jeni yake, sisi tunayo moja. Mwambie binti, atafurahi.)

Pesa sasa. Mkataba wangu ni wa mradi: mradi wa miaka mitatu, na ajira ni ya miaka mitatu. Niliwahi kukaa miezi saba bila mshahara nikiuza viazi vya baba pale Makambako. Shahada ya kwanza ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini haitoshi. Lazima uzamili, kisha uzamivu, na wakati huo wenzake madaktari watakuwa wanaezeka nyumba.

Tena majibu yanachelewa. Harald zur Hausen, Mjerumani, alisema miaka ya 1970 kwamba chanzo cha saratani hii ya mlango wa kizazi ni HPV, wakati wengi wanashikilia virusi vya malengelenge. Aina ya 16 timu yake iliipata 1983, Nobel akapewa 2008. Chanjo wanayochomwa wasichana wetu tangu 2018 imetoka kwenye ubishi ule.

Kijana wa Mwanjelwa, twisheni nimefundisha pia. Ililipa kodi.

Baba Atu (Tukuyu)
Marahaba mwanangu, ndaga fijo. Kumbe ni hiyo! Mdogo wake alichomwa shuleni, mimi nikaona ni sindano kama zingine. Nimemsomea dada yake yote, ya viazi ndiyo iliyomchekesha. Anauliza: mlinzi wa hapo ulipo sasa ana namba?

Mbena wa Maabara
Anazo mbili, yangu na ya fundi wa jenereta. Nimeziandika ukutani mwenyewe kwa rangi nyekundu, na kila Ijumaa jioni nampigia kuhakikisha simu yake ina chaji.