Eti "mikono ya jembe"! Nimehakiki ngome ya binti mfalme kwa haki, nimejibiwa kwa tusi mbele ya mama yangu na mwanangu

BabaNeema:

Wakuu, naandika mikono ikinitetemeka, na ni mikono hiyohiyo iliyotukanwa leo. Jibu liliwekwa saa tatu asubuhi na sasa ni saa tano kasoro, kwa hiyo mtanivumilia nikiruka hatua, kwa sababu chai yangu imepoa mezani na hasira bado.

Simtaji jina, wala hakuna haja. Kila mzazi wa humu aliyewahi kutafuta zawadi ya mtoto mtandaoni anamfahamu bwana huyu anayefungua maboksi ya vitu vya kuchezea mbele ya kamera, anayesema "hiki ni chuma" hata akiwa ameshika plastiki, na ambaye duka la mdogo wake pale Kariakoo ndilo linalouza karibu kila anachokisifia.

Mwanangu Neema ana miaka minane. Bibi yake, mama yangu mzazi, akija kutoka kijijini humsimulia ngano kila usiku, na mtoto akishaitika "pakawa" hakuna wa kumlaza mpaka zimwi lishindwe. Ndiyo maana alipoiona kwenye video ile ngome ya matofali ya plastiki, yenye minara mitano, binti mfalme, joka la kijani na daraja linaloinuliwa kwa uzi, hakutaka kitu kingine kwa siku yake ya kuzaliwa. Bwana huyo alisema kwa kinywa chake kwamba matofali yale yanashikana kama ulimi na mate. Nikalipa shilingi 165,000.

Boksi limeandikwa vipande 742. Tulivihesabu mara mbili, mimi na Neema, tukivipanga mafungumafungu ya kumikumi kwenye mkeka, tukapata 719. Mfuko wenye namba 6, ambao ndio wenye kilele cha mnara mkuu, haukuwamo kabisa. Kijitabu cha maelekezo kinaruka kutoka ukurasa wa 31 hadi wa 38, na mtoto aliuliza kama joka ndilo lililokula kurasa zile. Tukajenga hivyohivyo kwa usiku tatu. Kufikia safu ya kumi na nne ukuta wa mbele ulitoa kitambi, na mlango wa jikoni ukifungwa kwa nguvu kidogo ufalme mzima unapinduliwa. Usiku wa tatu paka wa jirani alipita dirishani, hakugusa chochote, alipita tu, na minara miwili ikaanguka.

Nikataka kujua sababu kabla ya kulalamika. Yale matofali ya asili kutoka Billund, Denmark, ambayo humu sote tunayaita lego hata yakitoka kwingine, vinundu vyake vya juu hupishana kwa milimita 8 kutoka kitovu hadi kitovu. Nikapanga matano ya kwetu, ya vinundu vinne kila moja, kwenye mstari mmoja. Yalipaswa kufika milimita 160, rula ikaonyesha 162. Sahani ya chini ilikuwa na kipimo sahihi, lakini ukuta uliosimama juu yake ulikuwa mrefu kuliko sahani, na ukuta uliozidi hauna pa kwenda ila kujikunja. Kitambi chenyewe ndicho hicho.

Basi nikaandika uhakiki wangu chini ya video yake, kwa adabu, aya tatu. Nilisifia rangi, kwa kuwa rangi ni nzuri kweli, na waridi la paa halikupauka hata Neema alipoviosha vipande kwa sabuni. Nilisifia joka, ambalo taya lake linafunguka na kufunga na ndilo kitu kilichotengenezwa kwa moyo katika boksi zima. Nikasema madirisha ni karatasi za kubandika zilizoanza kuinuka pembe siku ya pili. Nikaeleza kipimo. Nikauliza kuhusu mfuko namba 6. Mwisho nikauliza kwa nini kwenye video ngome inainamishwa na hakuna kinachodondoka, ilhali kwenye maungio unaonekana mng'ao kama wa gundi. Hilo lilikuwa swali. Sikumwita mtu mwizi.

Leo asubuhi akajibu. Sentensi mbili tu: "Tatizo si ngome, mzee. Mikono iliyozoea jembe haiwezi kujenga ngome."

Mikono iliyozoea jembe! Hakugusa vipande 23 vilivyopungua, hakusema neno juu ya mfuko wala gundi.

Na sikuwa mimi niliyelisoma jibu hilo kwanza. Neema ndiye aliyeshika simu, kwa sababu tangu juzi anachungulia kila asubuhi kama kilele cha mnara kitaletwa. Akasoma kwa sauti, ile sauti yake ya darasani ya kutua kwenye kila neno, kisha akaniuliza, "Baba, mikono yako ni ya jembe?" Mama yangu alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele. Aliacha. Akavigeuza viganja vyake akavitazama.

Wakuu, huyo mama alilima heka mbili za mahindi kwa jembe la mkono, msimu kwa msimu, nikasoma mpaka nikamaliza chuo. Shilingi 165,000 nilizompa bwana yule zimeanzia kwenye mikono ile. Nikikumbuka alivyovitazama viganja vyake natamani niichukue ngome ile, na joka lake, nikaimwage mlangoni mwa duka saa saba mchana watu wakiwa wengi.

Chini ya jibu lake watu wamejaza alama za kucheka. Mtu mzima anacheka viganja vya mama yangu kwa sababu ya tofali lililozidi milimita!

Mfuko namba 6 sasa autie kwenye achari. Ninachotaka alifute lile neno, na aandike palepale alipotukania kwamba amekosea. Na mtoto ameniuliza tena sasa hivi, naandika hapa, kama mikono ya jembe ni ugonjwa.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu:

Nimemtambua kabla sijamaliza aya ya pili. Mwaka jana alinisifia treni ya betri, nikainunua, ikazunguka reli mara moja na nusu ikafia kwenye kona, na mpaka leo iko kwenye kona hiyohiyo. Nilipouliza, aliniambia umeme wa nyumbani kwetu ni mchafu. Treni ya betri, jamani. Pole kwa mama, umpe shikamoo yangu.

Mkwezi07:

Mleta uzi, mimi nitasema wanachokificha wenzangu. Unatoa shilingi 165,000 kwa nyumba ambayo hata mjusi hawezi kulala ndani, kisha unakesha na rula unapima vinundu kama mkaguzi wa barabara. Kwa fedha hiyo mtoto angepata baiskeli ya mtumba na chenji ya soda. Na jembe halijawahi kuwa tusi, umejitukana mwenyewe kwa kukasirika.

BabaNeema:

Mkwezi07, jembe si tusi, na mimi ndiye ninayelijua hilo kuliko wewe. Lakini yeye alilitamka kama tusi, na waliocheka walicheka kama wanaocheka tusi. Ungekuwepo ukaona mama anavyoacha mchele usingeandika hivi. Baiskeli Neema anayo.

Msumari_wa_Inchi_Nne:

Tuseme ukweli wa bei. Mnataka ubora wa Billund kwa fedha ya Kariakoo. Wale walianza mwaka 1932 na vitu vya kuchezea vya mbao, na tofali lao lenye mirija kwa chini waliliombea hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiliige, tarehe 28 Januari 1958, na la mwaka huo bado linashikana na la leo. Hataza haidumu milele. Mwaka 2010 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba umbo lile la tofali haliwezi kusajiliwa kama alama ya biashara, kwa kuwa umbo hilo ndilo linalofanya kazi ya kushikana. Kwa hiyo kiwanda chochote kinaruhusiwa kutengeneza linalofanana, na kufanana hakumaanishi kulingana. Umenunua linalofanana.

BabaNeema:

Maelezo yako nayakubali, Msumari, na sikudai asili. Boksi halikuwa na jina la Billund na sikusema lilikuwa nalo. Nilinunua vipande 742 na nikapewa 719, na hata kiwanda cha uchochoroni kinajua kuhesabu. Tena kufanana na kutolingana hakumpi muuzaji ruhusa ya kuizungumzia mikono ya mtu. Mbona hakuna anayejibu kuhusu mikono?

MamaMapacha:

Kaka, pole sana, lakini afadhali wewe ngome yako ilifika. Mimi nilimpa fundi cherehani, huyu wa karibu na kituo cha daladala ambaye nusu ya wanawake wa humu wameshalia kwa ajili yake, kitambaa cha magauni mawili ya binti mfalme kwa mahafali ya chekechea. Alinipa siku, akanipa siku nyingine, nikayafuata alfajiri ya mahafali. Gauni la kwanza lilikuwa na mkono mmoja. La pili lilikuwa na mikono miwili, yote ya kushoto. Pacha mmoja alipanda jukwaani akiwa amejifunga khanga yangu, na fundi ananiambia mabinti wafalme wa Ulaya huvaa hivyo.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu:

Mikono miwili ya kushoto! Fundi huyo nadhani ndiye aliyenishonea suruali yenye mifuko isiyo na chini. Naomba unitumie pembeni ni kituo gani.

Shangazi_wa_Mbagala:

Naomba niwarudishe kidogo kwa mtoto. Baba Neema, kama nyumbani yupo mwenye umri chini ya miaka mitatu, vipande vilivyoanguka uvikusanye vyote, kwa sababu vinapita kooni upesi na kukwama. Kuhusu lile jibu, mama mwenyewe alisema nini baada ya kutazama viganja?

BabaNeema:

Ahsante, shangazi, shikamoo. Mdogo hatuna, na vyote viko kwenye ndoo yenye kifuniko. Mama hakusema neno. Alimwita Neema akamwambia alete vipande, wakaanza upya mnara mdogo wa kushoto, yeye akibonyeza na mtoto akimpa. Umesimama tangu saa nne. Lakini alivyovitazama viganja vyake, shangazi, siwezi kulisahau hilo, na yule bwana bado hajalifuta lile jibu, nimetoka kuangalia sasa hivi.

Kibanda_Tegeta:

Mnalilia matofali ya plastiki 23? Mimi nimelipia matofali 2,000 ya saruji, ya inchi sita, kwa yule bwana mwenye lori la bluu ambaye wajenzi wote wa upande huu wanamjua. Yameshushwa usiku. Asubuhi nahesabu, 1,870. Namuuliza, ananijibu mengine yamo njiani. Lori limesharudi kwake, njiani yanatembea kwa miguu? Na katika hayo 1,870, ukilipiga moja kwa kiganja linageuka unga wa ugali.

Msumari_wa_Inchi_Nne:

Kibanda, huyo namjua. Anafyatua zaidi ya matofali 60 kwa mfuko mmoja wa saruji, ndiyo maana. Tofali kama hilo ukilitazama sana linaona haya linapasuka.

Mkwezi07:

Hapo sasa ndipo penye malalamiko ya watu wazima. Kibanda, ulikagua mchanga wake? Wa kwangu aliuchanganya na udongo, mvua ya kwanza ukuta wa uzio ukalala chini kabla yangu.

BabaNeema:

Ndugu zangu, naomba turudi kwenye mada. Bwana yule amejibu tena dakika tano zilizopita. Ameandika "mzee ana hasira za msimu wa palizi". Palizi! Neema yupo shuleni kipindi cha mchana, Mungu amenisaidia hakulisoma. Nimelipiga picha jibu hilo pamoja na lile la kwanza, na ninaziweka hapa chini zote mbili mzione.

Kibanda_Tegeta:

Mkwezi, mchanga niliukagua, ulikuwa mweupe wa mtoni, ila sikuwepo siku ya kufyatua. Msumari, wewe mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa matofali mangapi?

Msumari_wa_Inchi_Nne:

Ya inchi sita natoa 35, na nayamwagilia maji siku saba asubuhi na jioni. Njoo Jumamosi uone.

MamaMapacha:

Mkienda Jumamosi naomba lifti mpaka kituoni, nikachukue kitambaa changu kilichobaki.