Mafundi wa pevingi mnatuibia chini ya mchanga, mimi yangu nimeifukua leo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na naomba asitokee mtu wa kuniambia nipunguze jazba. Nimetoka uani sasa hivi, mikono bado ina udongo.

Nimedunduliza miaka miwili nipange pevingi, yaani tofali za zege za kukanyagia, ili uwanja wangu hapa Madale, Dar, uachane na vumbi la kiangazi na tope la masika. Mita za mraba 110, kuanzia getini mpaka barazani. Tulikubaliana 27,000 kwa mita, vifaa na ufundi humo humo, jumla 2,970,000. Nikalipa yote. Kazi ilipoisha kila mgeni alisifia, nyekundu na kijivu zimepangwa zigizaga, hata mimi nilikuwa natoka jioni kukaa nje nazitazama.

Masika yalipoanza, wiki ya pili tu, njia ya matairi ikadidimia mistari miwili kama mifereji. Gari lenyewe ni IST, kagari kadogo, wakuu. Sina fuso, sijawahi kuingiza fuso humu ndani tangu kazi iishe. Nikampigia fundi, jibu lake: "Dada, hiyo ni ardhi yako, ina asili ya kutitia."

Basi leo asubuhi nimechukua mtaimbo nikang'oa tofali kumi na mbili pale pale gari linapopita. Chini nimekuta mchanga unene wa vidole viwili. Chini ya mchanga kuna majani ya mwarobaini, mizizi ya nyasi, na mfuko wa saruji uliokunjwa ukafukiwa humo humo. Moramu, ule udongo wa changarawe wa kushindilia, hakuna hata koleo moja. Na karatasi ya makadirio ninayo, kaandika kwa mkono wake: "moramu tripu 3, kushindilia na kompakta". Kompakta, yaani mashine ya kushindilia, sikuiona siku hata moja. Nilipouliza nikaambiwa inakuja kesho, halafu nikakuta vijana wanagonga kwa gogo.

Kinachoniuma ni kwamba hii kazi haina siri. Unaondoa udongo wa juu wenye mizizi. Unamwaga moramu, pale gari linapopita isipungue sentimita 10 hadi 15 ikishashindiliwa, na unashindilia kwa tabaka. Ndipo unaweka mchanga wa sentimita tatu au nne, unausawazisha kwa rula, unapanga, unafagilia mchanga mkavu kwenye viungo na kupitisha kompakta tena. Huo mchanga wa kwenye viungo ndio unaozifanya tofali zishikane, tairi likikanyaga moja uzito unagawanyika kwa wenzake. Na pembeni lazima kuwe na mawe ya kuzuia yaliyokazwa kwa zege. Mimi pembeni nimewekewa udongo! Mstari wa mwisho umeshahama kuelekea kwenye maua, viungo vimeachia mpaka kidole kinaingia, mchanga wote umeondoka na mvua.

Mteremko nao kauweka kinyume. Maji yanatakiwa kuikimbia nyumba, sentimita 2 kwa kila mita zinatosha. Yangu yanakuja mlango wa jikoni. Juzi usiku nimeamka kupiga deki saa nane.

Tofali zenyewe sasa. Nimeishika moja nikaikwaruza kwa kucha, kona ikamumunyuka. Nikaiachia kutoka usawa wa kiuno, ikapasuka vipande vitatu, na ndani ni vumbi tupu la kijivu, saruji wameonjesha. Nakumbuka walizifyatua Jumatatu, Alhamisi zikapakiwa kwenye kirikuu bado zina ubichi. Zege linahitaji siku 28 kufikia nguvu yake, na siku saba za mwanzo linywe maji. Siku tatu zinatosha nini? Nilipouliza nikajibiwa, "Jua la Dar linakausha haraka, dada." Kukauka na kukomaa ni vitu viwili tofauti, na mtu anayefyatua kila siku analijua hilo.

Mama yangu mzazi anatembelea mkongojo. Jumapili akitoka kanisani ulinasa kwenye tofali lililoinuka, akaanguka kifudifudi mbele ya wajukuu. Goti limevimba mpaka leo. Hapo ndipo niliposema sinyamazi tena.

Mnaojenga, msikubali tofali la kwanza lipangwe kabla hamjasimama juu ya moramu iliyoshindiliwa mkaipima kwa futi kamba. Na msimalize pesa kama nilivyofanya, bakizeni sehemu mpaka mvua moja kubwa ipite.

Jumamosi naanza kufumua upya njia ya gari. Mwenye kujua wanapokodisha kompakta karibu na Madale, Wazo au Goba aniambie na bei ya kwa siku. Na aliyewahi kumdai fundi akarudishiwa pesa kwa karatasi ya mkono kama hii yangu, naomba aeleze alianzia wapi.