Rangi ya kuonyesha DNA ya vimelea hai vya malaria: kwa nini DAPI hainisaidii?

Mtafiti_Mchanga:
Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu Plasmodium falciparum, na ninahitaji kuhesabu viini vya vimelea ndani ya chembe nyekundu za damu katika saa 48 za mzunguko wao. Vimelea vilivyokaushwa kwenye kioo na kutiwa methanoli vinang'aa bluu safi nikivipaka DAPI, lakini rangi hiyohiyo nikiitia kwenye vimelea vilivyo hai, mng'ao unakuwa hafifu na vingine havionekani kabisa. Je, kasoro iko kwenye hadubini, kwenye rangi, au kwenye utaratibu wangu?

Mzee_wa_Hadubini:
Ndugu yangu, hadubini yako ni nzima, maana ingekuwa na kasoro usingeona chochote hata kwenye vimelea vilivyokaushwa. DAPI hujipachika katika mfereji mwembamba wa DNA, hasa palipo na adenini na thimini (mbili kati ya herufi nne za DNA) kwa wingi, na hapo ndipo inapong'aa: hupokea mwanga wa nanomita 358 hivi na kutoa bluu ya nanomita 461. Kwa kimelea chako hilo ni jambo la heri, kwa sababu takriban asilimia 80 ya jenomu yake, yaani DNA yake yote, ni adenini na thimini. Kinachokukwamisha ni utando. Methanoli huuharibu na kuipa rangi njia, ilhali utando wa seli hai huipitisha DAPI kwa shida. Tumia rangi iitwayo Hoechst 33342, ambayo hupenya seli hai kwa urahisi zaidi na inaonekana kwa vichujio vilevile vya mwanga unavyotumia sasa. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo bluu utakayoiona ndani yake ni ya kimelea. Lakini hakikisha umeziondoa chembe nyeupe, maana nazo zina DNA na zitakuvurugia hesabu.

Daktari_wa_Seli:
Nakubaliana na Mzee, ila naomba niongeze tahadhari ambayo naiona ni nzito kuliko uchaguzi wenyewe wa rangi. Usiiache Hoechst ndani ya vimelea kwa saa zote 48 ukidhani vitaendelea kukua kama kawaida. Rangi iliyoshikamana na DNA inaweza kuzuia kunakiliwa kwake, na miale ya urujuanimno unayoimulikia huidhuru DNA hiyohiyo. Basi ukikuta viini vichache, hutajua kama ndivyo kimelea kilivyo au ni wewe uliyekidhoofisha. Kila baada ya saa kadhaa chota sampuli ndogo, itie rangi kwa dakika 15 hadi 30, itazame, kisha itupe kwa utaratibu wa maabara, na chombo kikuu unachokuzia vimelea kisiguswe na rangi kabisa. Rangi ya akridini ya machungwa nayo huingia kwenye seli hai, lakini hushika pia RNA (molekuli jamaa ya DNA), ambayo kimelea kinachokua kimejaa tele, kwa hiyo kwa kazi ya kuhesabu viini siipendekezi.

Mfuatiliaji_wa_Mbung'o:
Mimi nashughulika na vimelea vya malale, na kwetu DAPI haina mshindani kwa seli zilizokaushwa: kila Trypanosoma huonyesha nukta mbili za bluu, moja kubwa ya kiini na moja ndogo ya kinetoplasti, yaani DNA ya mitokondria iliyo karibu na shina la mkia. Inafaa kukumbuka kwamba DAPI ilitengenezwa mwaka 1971 katika maabara ya Otto Dann nchini Ujerumani, wakati wa kutafuta dawa ya ugonjwa huuhuu.

Mtafiti_Mchanga:
Nawashukuru sana. Je, vimelea vikishafikia hatua ya kugawanyika, viini vinavyokaribiana sana nitavitenganishaje?

Mzee_wa_Hadubini:
Skizonti moja, yaani kimelea kilicho katika hatua hiyo ya kugawanyika, huweza kuwa na viini 16 hadi 32 vilivyorundikana, hivyo picha ya tabaka moja haitoshi. Piga picha za tabaka kadhaa kuanzia juu hadi chini, na upunguze mwanga, maana rangi hufifia kila unapoimulika.