Mgodi ulipofungwa kwenu, nini kilibaki? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu, salaam. Mimi nimekulia Nzega. Mgodi wa Golden Pride ulipoanza mwishoni mwa miaka ya tisini ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu nchini. Kufikia 2014 ulikuwa umeshafungwa.

Baba alikuwa dereva wa dampa. Mama akajenga vyumba sita vya kupangisha kwa kudunduliza mshahara wa baba, na vyote vikapata watu wa mgodini: fundi mitambo, mpishi, mlinzi, na wengine. Nyuma ya mlango wa jikoni alipiga misumari sita, ya kutundikia ufunguo wa chumba kinachobaki wazi. Miaka yote nilikuwa naiona mitupu. Kisha funguo zikaanza kurudi. Wa kwanza, wa pili, na kabla ya sikukuu misumari yote ilikuwa imejaa.

Baba alifuata dampa Geita. Mama akabomoa ukuta kati ya vyumba viwili, akaweka mashine ya kukoboa mpunga. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye hiyo mashine.

Walioishi haya, tuelezeni: mlijiandaaje, na kimebaki nini? Nawaomba hasa ndugu zetu wanaoishi jirani na migodi inayoendelea wasome kwa makini.

#2
Pole kwa mama, mkuu. Mimi niko Kahama. Nilikuwa napeleka mboga kwa mzabuni mmoja wa chakula, naye anaingiza mgodini Buzwagi. Matenga ya nyanya, karoti, hoho, kila Jumatatu na Alhamisi. Uzalishaji ulikoma 2021. Siwezi kusema hatukuambiwa, tulitangaziwa mapema kabisa. Ila mtu ukiwa na oda ya kesho huisikii habari ya mwaka ujao. Yule mzabuni aliondoka na deni langu la miezi miwili, simu haipokelewi hadi leo.

Kilichoniumiza ni kulima kwa ajili ya mteja mmoja. Sokoni kwetu nilikuwa sijulikani kabisa! Nilianza upya na meza moja, nikiwa mjamzito. Kahama yenyewe haikufa, kuna mpunga, kuna malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku kucha. Halmashauri ndiyo iliyoguswa zaidi, maana ushuru wa huduma wa mgodi ulikuwa unajenga madarasa.

#3
Dada wa Kahama, hongera kwa kusimama tena.

Kwetu Mpanda habari hii ni ya zamani. Mgodi wa risasi wa Uruwira ulifungwa 1960, hata baba yangu alikuwa mtoto. Lakini reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya ile risasi, na reli ikabaki. Nilipokwenda kuanza kidato cha tano nilipanda treni hiyo, nimebanwa kati ya gunia la mahindi na mama mwenye kuku wawili kwenye kikapu. Nikaja kujua baadaye kwamba bila mgodi njia ile isingekuwepo. Ndiyo maana mimi huuliza swali moja kila ninaposikia mgodi mpya: barabara, umeme na maji vinaishia getini, au vinafika kijijini?

#4
Mwadui hapa. Kwetu haukufungwa, ulisimama. 2020, korona, soko la almasi likayumba, kazi ikasitishwa hadi mwaka uliofuata. Miezi ile ilinitosha. Duka langu la vipuri vya pikipiki nililihamishia Maganzo, barabarani, na mgodi uliporudi sikurudi nalo.

#5
Babu yangu alichimba Geita ya zamani, iliyofungwa 1966. Alikaa zaidi ya miaka thelathini akisema dhahabu bado ipo chini. Mgodi wa sasa ulipoanza 2000 alikuwa hai, ila hana tena nguvu za kubeba chochote. Alikuwa anakaa kibarazani kusikiliza baruti tu.

#1
Asanteni sana, endeleeni kuleta. #3, swali lako nimelinakili.

Mama nimemsomea yote kwa simu. Amenituma nimwambie dada wa Kahama asichoke kudai haki yake. Vyumba vinne vilivyobaki vina watu, mmoja ni mwanafunzi wa Chuo cha Madini, kile kilichokabidhiwa eneo la mgodi. Misumari bado ipo nyuma ya mlango. Leo kuna ufunguo mmoja tu, wa mashine.