Python: naingia vizuri, ombi la pili naambiwa niingie tena

JamaaWaKondele
Wadau, habari za jioni. Niko Kisumu, naandalia duka la vipuri vya bodaboda programu ndogo ya kuvuta ripoti ya mauzo kila usiku kutoka mfumo wao wa mtandaoni. Ruhusa tunayo. Natuma jina na nywila kwa requests.post (requests ni maktaba ya Python ya kuita tovuti), najibiwa 200, yaani ombi limepokelewa sawa. Nikiita requests.get ya ripoti, narudishiwa ukurasa wa kuingia! Kwenye kivinjari hakuna shida. Nimekesha siku mbili.

Bahati_Nakuru
Nakili kuki (kile kitambulisho kidogo ambacho tovuti hukupa) kutoka kwa kivinjari, ibandike kwenye kodi ya programu yako. Kwisha.

FundiKakamega
Bahati, hiyo itamfaa mpaka kuki iishe muda, halafu asubuhi ripoti hakuna na mwenye duka anapiga simu.

Kaka, HTTP, lugha ya kivinjari na seva, haina kumbukumbu. Seva hukupa kuki kwa kichwa cha jibu kiitwacho Set-Cookie, na kila ukirudi sharti uionyeshe. Kivinjari hukufanyia hayo kimyakimya. Lakini requests.post ikimaliza inaitupa, kwa hiyo requests.get inabisha hodi kama mgeni. Andika s = requests.Session(), ambayo hutunza kuki, mara moja, kisha s.post na s.get, s ileile. Usiiunde upya ndani ya kila fankisheni. Mimi nilifanya hivyo nikalaumu seva wiki nzima.

JamaaWaKondele
Nimebadilisha, bado. Na print(s.cookies) inaonyesha kuki ya PHPSESSID ipo.

DadaWaSeva
PHPSESSID hupewa hata ambaye hajaingia. Na hiyo 200 isikudanganye, ukurasa wa "nywila si sahihi" pia mara nyingi huja na 200. Nadhani hujawahi kuingia hata siku moja 😅 Tazama HTML ya fomu: kuna input ya type="hidden", yaani sehemu iliyofichwa? Kama ipo, anza na s.get ya ukurasa wa kuingia, chomoa thamani yake kwa BeautifulSoup (maktaba ya kusoma HTML), uitume pamoja na nywila. Hubadilika, usiiandike moja kwa moja kwenye kodi.

JamaaWaKondele
Ipo! Inaitwa csrf_token. Ripoti ya jana imeshuka yote. Asanteni sana. Sasa, nikiwasha programu upya inaingia tena. Nihifadhi kuki kwenye faili?

FundiKakamega
Mara moja kwa usiku? Wacha iingie tu. Faili ya kuki ni ufunguo ulioachwa mezani. Nywila nayo umeiweka wapi?

JamaaWaKondele
Mstari wa nne wa kodi. Naitoa sasa hivi.