Jino limevunjika, dokta kanipa vidonge tu, usiku silali. Nimwambieje?

Usingizi_Zero:
Habari wakuu, naomba msaada maana hapa natype kwa mkono mmoja, mwingine umeshika shavu. Juzi usiku nilikuwa natafuna barafu (najua, wife keshanisema vya kutosha) nikasikia kaa! gego la chini kulia limemeguka kipande kizima upande wa ulimi. Mwanzoni wala halikuuma, lilikuwa linaukwaruza ulimi tu. Asubuhi nikapiga funda la maji ya baridi, mama yangu, nilikaa chini. Nikaenda kwa dokta wa meno, foleni ndefu, kaniangalia kama dakika mbili hivi akaandika antibayotiki na paracetamol, nirudi wiki ijayo. Nimemeza vyote. Mchana afadhali, ila nikilaza kichwa tu linaanza kudunda du du du mpaka sikioni. Nataka nirudi nimwombe dawa kali kabisa au sindano lakini naogopa ataniona nasaka madawa ya kulewa. Nyie mliopitia hii mlisemaje mkasikilizwa?

mama_mapacha:
Pole sana kaka, maumivu ya jino hayana mjomba. Mimi langu lilinitesa na kosa lilikuwa nikifika pale nasema "linauma" basi. Sasa nani anaenda pale halimuumi? Siku nilipomwambia dokta nikinywa kitu cha baridi maumivu yanabaki zaidi ya nusu dakika hata nikishameza, na usiku yananiamsha, aliweka kalamu chini, akanigongagonga lile jino na kimshikio cha kioo chake, nikaruka, nikapigwa eksirei palepale. Kwa hiyo usiende na jina la dawa, nenda na hayo: lini limevunjika, baridi au moto unakufanyaje, ukiuma je, umemeza nini saa ngapi na kimekusaidia kwa muda gani.

mzee_wa_njia_fupi:
Ponda aspirini uibandike kwenye fizi pembeni ya jino, utakuja kunishukuru.

kiti_cha_meno:
@mzee_wa_njia_fupi hapana jamani, hapana! Hiyo inaunguza fizi, wanakuja nyama imebabuka nyeupe kama imemwagiwa maji ya moto, unakuwa na maumivu mawili badala ya moja. Aspirini inamezwa.

Mimi nafanya kazi kliniki ya meno, siyo dokta, ndo yule anayeshika mpira wa kunyonya mate, ila nimeshuhudia mengi. Mkuu Usingizi_Zero, hilo jino kwa maelezo yako ni kama ufa umefika karibu na kiini, pale penye neva na mishipa ya damu. Kiini kinavimba ndani ya jino gumu, hakina pa kutanukia, ndo maana linadunda, na ukilala damu inazidi kwenda kichwani linadunda zaidi. Weka mito miwili mitatu ulale umeinua kichwa. Antibiotiki hazitulizi hayo maumivu, zenyewe ni za maambukizi yanayosambaa, uvimbe, homa. Usiziache kimyakimya lakini, muulize dokta zilikuwa za nini.

Dawa: watu wengi wazima inawasaidia ibuprofen mg 400 pamoja na paracetamol mg 1000, zinafanya kazi kwa njia tofauti na zikiungana mara nyingi kwa jino hazishindwi na hizo "kali" unazoziwaza. Ibuprofen meza umekula, usizidishe mg 1200 kwa siku bila dokta, na paracetamol isivuke gramu 4 kwa saa 24. Una vidonda vya tumbo, figo, pumu, unatumia dawa za kuyeyusha damu, au ni mjamzito? Ibuprofen usiguse kabla ya kuuliza. Na usichanganye na diklofenaki, hizo ni ndugu wa tumbo moja.

Ila mkuu vidonge ni vya kuvusha usiku. Dawa yenyewe ni kazi ya mkono: kutoa neva na kusafisha mizizi, au kung'oa. Mwambie hivi, "dokta, naomba leo unitulize hata kama matibabu kamili ni wiki ijayo". Hilo siyo ombi la mlevi.

Usingizi_Zero:
Asante sana dada (au kaka?). Swali moja, zamani niling'oa jino na ganzi haikushika, nilisikia kila kitu. Ndo kinachonitisha.

kiti_cha_meno:
Dada 😄 Inatokea, hasa magego ya chini yakiwa yamevimba kwa ndani, ganzi inakuwa mvivu. Mwambie mapema kabla hajashika sindano. Anaweza kuongeza au kuchoma sehemu nyingine, na mkubaliane ukiinua mkono anasimama. Moyo ukienda mbio kidogo baada ya sindano usishtuke, mara nyingi ni adrenalini iliyochanganywa humo, inapita.
Halafu shavu likivimba kushuka chini ya taya, ukashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hapo usisubiri miadi, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Na likinyamaza ghafla lenyewe usishangilie, inawezekana neva imekufa na usaha uko njiani.

Usingizi_Zero:
MREJESHO. Nimerudi leo, nikasema kama mama_mapacha alivyonielekeza, nusu dakika na nini. Eksirei, sindano mbili (nilimwambia ile habari ya zamani, akasubiri, akanigusa kwanza na kachuma akauliza unasikia makali?), katoa neva kaziba kwa muda. Mdomo upande mmoja haupo, nimejaribu chai imemwagikia shati. Lakini kudunda hakuna. HAKUNA. Ila hii dawa aliyoziba inanukia karafuu mpaka puani, ni kawaida?

kiti_cha_meno:
Kawaida, ina mafuta ya karafuu ndani yake. Chai acha mpaka ganzi iishe utajiunguza, na upande huo usitafunie mpaka urudi kumalizia mizizi. Barafu sisemi, wife yupo.